Jina la Herufi Tatu

Jina lenyewe lilikuwa Lea, na mfumo ulilikataa kwa sababu eti ni refu mno.

Nesi Bertha alipopiga simu kutoka Ipogolo, Iringa, kueleza hivyo, Damari alicheka. Alikuwa ofisini kwao Mbalizi, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, amejifunga kitenge juu ya sweta kwa sababu ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Yeye na mwenzake Gerson ndio waliotengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati ya kanisa anakofanya kazi Bertha. Mfumo ulikuwa mpya, na simu za malalamiko walishazizoea.

"Mama, jina la herufi tatu linakuwaje refu?"

"Ndiyo nakuuliza wewe mwenye mfumo wako. Nimelikopi kwenye meseji ya mume wake, nimelipesti pale kwenye jina, linagoma. Linasema limezidi."

"Hebu liandike kwa mkono."

Kikasikika kidole kikigonga vitufe, kimoja kimoja. "Limekubali," Bertha akasema. "Lakini mwanangu, watu wa mbali kama Mgololo wananitumia majina WhatsApp kila siku. Nitaandika kwa mkono mpaka lini?"

Damari akamwomba amtumie huo ujumbe. Ulikuwa mfupi: *Mke wangu Lea anakuja kujifungua, naomba mumpokee. Aroni.* Akaukopi kwenye kompyuta, neno Lea peke yake, akalibandika kwenye kisanduku cha jina. Likakaa pale, dogo, halina kosa. Kisha akabonyeza mshale wa kwenda kulia. Kile kijiti kinachopepesa kikaruka L, kikaruka e, kikaruka a, kikasimama. Akabonyeza tena. Kikabaki palepale. Akabonyeza tena na tena, na kompyuta ikawa inahesabu kila hatua kana kwamba kijiti kinatembea, ila machoni pake hakisogei. Ilikuwa kama mtu anayepita gizani katikati ya watu waliokaa kimya, akiwavuka mmoja mmoja.

"Herufi zisizoonekana," Gerson akasema, amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Ukikopi maneno mahali unabeba na vitu vingine usivyoviona. Mtu anadhani kaleta jina, kumbe kaleta jina na wapambe wake. Safisha tu."

Ndivyo Damari alivyofanya. Aliandika msimbo mfupi: chochote kitakachobandikwa kwenye kisanduku cha mfumo kioshwe kwanza, kiondolewe nafasi za ziada, rangi, mapambo, na kila herufi isiyo na umbo. Akalibandika tena jina la Lea. Herufi tatu, basi. Mshale ukafika kwenye a, ukagota.

Hapo hapo mtu akashusha pumzi nyuma ya shingo yake.

Aligeuka akiwa na tabasamu, akidhani ni Gerson. Gerson alikuwa dirishani, upande wa pili wa chumba, anatazama malori barabarani. Na chumba kizima kilikuwa kinanuka udongo mbichi, udongo wa chini, ule unaotoka shimo likishapita kina cha jembe.

"Wamepasua mfuko wa mbolea huko chini?" akauliza.

Gerson akanusa. "Mbolea hainuki hivi," akasema, akafungua dirisha, baridi ikaingia, na harufu isitoke.

Kesho yake Bertha alipiga tena, na safari hii alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Lea kajifungua! Wa kike. Na amelia, Damari. Amelia mpaka mlinzi wa getini kaja kuchungulia!"

"Hongereni, mama. Lakini watoto si ndiyo kazi yao kulia?"

Bertha akavuta kamasi. "Wa Lea hawalii. Wote waliotangulia nimewapokea kwa mikono yangu hii. Wazito, wamekamilika, vidole vyote, na hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Tumewazika hivyo hivyo. Basi leo huyu kalia, acha tu mwanangu, acha na mimi nilie."

Damari alifurahi kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, akarudi kwenye kazi zake. Lakini kazi zilianza kumgomea. Kila alichokopi kwenye kompyuta yake, iwe anwani, namba au sentensi, akikibandika kinatoka weupe mtupu, mrefu, unaojaza kisanduku mpaka ukingoni. Alizima, akawasha. Akabadilisha programu. Weupe ukawa uleule.

Siku hiyo mchana Gerson alikuwa anakula ndizi mezani, mdomo umejaa, na wote wawili wakamsikia Gerson akisema ngazini, "Wakija wateja waambie nimetoka." Ni maneno aliyokuwa ameyasema asubuhi, kwa sauti yake ileile, na kikohozi chake kidogo mwishoni.

Gerson akaacha kutafuna. Alikwenda mlangoni polepole, akatazama ngazi mpaka chini. Hapakuwa na mtu. "Nimekopiwa," akajaribu kutania.

Nyumbani Damari aliishi na binti yake Atuganile, ambaye mtaa mzima walimwita Atu, mtoto wa chekechea, mwongo wa hadithi na mwimbaji asiyechoka. Baba yake, Fred, alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na wiki hiyo alikuwa safarini. Asubuhi moja Damari alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni anamsuka Atu, kichwa cha mtoto kimebanwa katikati ya magoti yake, nje ukungu hauonyeshi hata mti wa parachichi uliokuwa hatua chache kutoka mlangoni, na huko kwenye ukungu Atu akaita.

"Mama! Mama, njoo!"

Mikono ya Damari ikaganda kwenye nywele. Atu wa magotini hakutikisika.

"Mama," akanong'ona mtoto, "yule wa nje ana sauti yangu."

"Nyamaza."

"Jana pia alikuwa nayo. Alikuwa anaijaribu."

Damari alifunga mlango kwa komeo, akaomba kwa sauti, sala zote alizofundishwa tangu Shule ya Jumapili, na alipofika kwenye amina, kitu kikasema amina nje ya mlango, kwa sauti yake yeye mwenyewe.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa anakaa, anasimama, anaweka chungu motoni anasahau maji, anatembea chumba hadi chumba akiwasha taa mchana. Aliacha kumpeleka mtoto chekechea. Aliacha kusema chochote asichotaka kukisikia tena. Majirani waliposalimia aliinua mkono tu, nao wakaanza kuulizana kama yule mama Atu anaumwa au ana dharau.

Jioni ya Jumamosi walikuwa wanakula viazi na maharage. Jua lilikuwa halijazama, mwanga wa machungwa umelala kwenye sakafu, na Atu, ambaye siku zote alikula akiimba, alikuwa anaimba wimbo wa kwaya ya watoto, akigonga kijiko kwenye sahani, na Damari akamwacha aimbe kwa sababu kwa mara ya kwanza wiki ile nyumba ilikuwa na sauti ya nyumba, na akawa anamtazama mdomo unavyofunguka na kufumbika, meno madogo, punje ya harage kwenye kidevu, mpaka akatambua kwamba mdomo unaendelea kuimba lakini wimbo hautoki pale, unatoka nyuma ya pipa la maji, kisha juu ya dari, kisha chumbani chini ya kitanda, wimbo uleule bila kukatika hata silabi, huku mtoto mbele yake anakaza shingo, anaimba kwa nguvu zaidi, anashika koo lake kwa mikono miwili, na machozi yanaanza kumtoka bila kilio.

Mwenye kazi ya kompyuta anajua tofauti ya kukopi na kukata kuliko mtu yeyote. Ukikopi kitu, cha mwanzo kinabaki kilipokuwa. Ukikikata, hakibaki.

Daktari wa Mbeya mjini aliangalia koo kwa tochi, akapiga picha, akasema mtoto hana tatizo lolote, labda ameshtuka. Damari alirudi ofisini mtoto akiwa mgongoni, mkubwa kiasi kile, amefungwa kwa kitenge kama kichanga, kwa sababu hakutaka kushuka. Akamweleza Gerson yote. Waliongea kwa kunong'ona, vichwa vimekaribiana.

"Ilianza siku ile ya jina," Damari akasema. "Siku niliyoosha."

"Basi toa huo msimbo. Libandike jina upya, na wapambe wake, kirudi kilikotoka."

Damari alifungua ule msimbo, akaufuta mwenyewe. Akaukopi ujumbe wa Aroni, akabandika jina. Herufi tatu. Mshale ukafika kwenye a, ukagota. Wakajaribu kwenye simu, wakajaribu kwenye kompyuta ya Gerson. Tatu.

"Hakimo tena humo," Gerson akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Tumekitoa, Damari. Tumekitoa, na hatukukiambia kiende wapi."

Juu ya dari Atu akacheka. Atu wa mgongoni akauficha uso.

Damari alimpigia Bertha, akamweleza. Alitegemea kuambiwa aende kanisani au hospitali. Badala yake, kelele za watoto wa kliniki zikisikika nyuma yake, nesi akasema kwa sauti ya chini, "Lea bado yuko hapa Ipogolo, kwa shangazi yake. Njoo. Mlete na mtoto."

Safari ya Iringa ilimchukua siku nzima. Walipoteremka Ipogolo jua lilikuwa limeegemea mlimani na mji wa juu umeshaingia kivulini. Bertha aliwapokea stendi, mama mnene mwenye sweta la zahanati, akamshika Damari mikono yote miwili. "Kamwene," akamsalimia kwa lugha ya huko, kisha akamgusa Atu shavuni.

Nyumba ya shangazi ilikuwa karibu na mto, nyuma ya migomba. Shangazi alikuwa amekwenda gulio la mbali, hakutarajiwa mpaka kesho. Lea alikuwa peke yake, amekaa kitandani, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, mtoto wake mchanga ananyonya. Bertha alianza kuwatambulisha, lakini hakumaliza. Kwenye kenchi za paa, juu yao, sauti ya Atu ilianza kuimba ule wimbo wa kwaya.

Lea hakushtuka. Aliinua uso taratibu, kama mtu aliyesikia nyayo anazozijua.

"Umekuja mpaka huku," akasema.

Damari akamsogeza Atu nyuma yake. "Dada, unakijua?"

"Si kitu. Ni ndugu yangu." Lea alimpakata mtoto vizuri zaidi. "Tulizaliwa wawili. Mimi nikalia, mwenzangu hakulia. Bibi akasema asiyelia hapewi jina, wakamfunga kwenye kanga wakamzika nyuma ya nyumba kabla mama hajainuka. Jina lilikuwa moja tu wameliandaa, nikapewa mimi. Tangu nina akili zangu, mtu akiita Lea, najisikia tumegeuka wawili."

Bertha alijishika kifua. "Mbona hukuwahi kuniambia? Miaka yote hiyo, wodini?"

"Ningekwambia nini, nesi? Ungenirudisha nyumbani kama mwenye mapepo. Nilidhani anachukua wanangu kwa wivu. Sasa nikisikia huyu mtoto wa watu anavyoimba huko juu..." Akamtazama Atu, aliyekuwa amesimama katikati ya chumba na mdomo wazi. "Anatafuta kulia. Anachukua sauti za wenzake ajaribu kulia, halafu haziwi zake."

"Mwambie arudishe," Damari akasema. "Dada Lea, nakuomba. Mimi niliosha jina lako, sikujua. Mwambie anirudishie mwanangu alivyokuwa."

"Akirudisha ataenda wapi? Atarudi kwangu." Lea alimbana mtoto mchanga kifuani. "Nina huyu mmoja tu aliyelia."

Wimbo ukakatika.

Pakawa kimya hata mto haukusikika, na ile harufu ya udongo wa shimoni ikashuka kutoka darini ikajaza chumba, nzito, ya baridi, na Bertha akaanza Baba Yetu na kupotea katikati ya maneno aliyoyasema maisha yake yote, na Damari akamvuta Atu kwake akijua kwamba kitu kile kimepita katikati yao, kimepita kati yake na kitanda, kwa sababu pazia la mlango lilikuwa limetulia lakini kitambaa cha kichwani cha Lea kikavutwa kidogo, kama kinavyovutwa na mkono wa mtoto, na hapo mtoto mchanga akaacha titi, akakunja uso, akafungua mdomo kulia kama watoto wote wanavyolia, akawa mwekundu, akatetemeka kwa nguvu za kilio, na kilio chake kikasikika mbali, nje, ng'ambo ya migomba.

Lea alipiga yowe. Bertha akamnyakua mtoto mchanga, akampindua, akampiga mgongoni kwa vidole viwili, akamgeuza tena, akamwingiza kidole mdomoni kwa mazoea ya mikono yake. Mtoto alikuwa anapumua. Hakuwa na sauti, na pumzi zake zilikuwa zinafupika.

"Mpe jina!" Bertha akalia. "Lea, huyo ndugu yako hana jina, mpe lolote!"

"Nilishampa!" Lea alikuwa amepiga magoti sakafuni. "Tangu msichana nampa majina. Nimempa ya watakatifu, nimempa ya bibi zetu wote. Hayataki!"

Damari hakujua kama alichotaka kusema kilikuwa na maana. Kilimtoka tu, maana ndicho kitu pekee alichokielewa katika yote yale. "Hayataki kwa sababu si lake. Alikuwa amekaa nyuma ya jina lako, dada. Kila mahali lilipobandikwa alikuja nalo. Anataka hilo hilo."

Lea akamtazama. Damari aliona akiwaza, haraka, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa nyumba inayoungua anapochagua cha kubeba. Kisha Lea alivua kitambaa kichwani, akakiweka sakafuni mbele yake, akakilainisha kwa viganja kama anayemtandikia mtu.

"Njoo," akasema kwa Kibena kwanza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Lea ni wewe. Sikupi tulitumie wote wawili. Nakupa lenyewe, mimi naliacha. Sitaliitika tena, wala kwa mume wangu, wala kwa mama yetu, wala kanisani. Mimi nitakuwa Blandina. Wewe ndiye Lea. Lea. Umesikia? Wewe ndiye Lea."

Kitambaa kikabonyea katikati, kama kimelaliwa na kitu chenye uzito wa mkate.

Halafu kikalia. Hakikuwa kilio cha mtoto wa Lea wala sauti ya Atu. Kilikuwa kilio cha mtoto aliyezaliwa dakika hiyo, chenye maji kooni, kikali, cha hasira, na kiliendelea kupanda mpaka Damari akaziba masikio na Bertha, mkunga wa miaka mingi, akaketi chini na kutoa machozi. Kilipoisha, kitambaa kilikuwa bapa, na mtoto mikononi mwa Bertha alikuwa anapiga kelele za kumwamsha mtaa mzima.

"Mama," Atu akasema, kwa sauti iliyokwaruza. "Nina njaa."

Walilala pale. Asubuhi Bertha alifungua mfumo kwenye simu yake, akalifuta jina la mzazi, akaandika Blandina kwa mkono, herufi moja moja, na hakuna kilichogoma. Damari alimtumia Gerson ujumbe kwamba ule msimbo wa kuosha wataurudisha, maana mfumo hauwezi kukaa bila huo. Lakini kitu kikikutwa kimejificha nyuma ya jina, mfumo usikitupe. Usimame, umuulize mtu. Gerson alijibu neno moja tu, sawa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuweka mzaha.

Wakiwa wanakunywa chai, Damari akiwa ameshafunga begi la safari, pikipiki ikasimama nje. Alikuwa Aroni, ametoka Mgololo alfajiri kuja kumwona mwanawe, koti limelowa umande. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Aliegesha pikipiki chini ya migomba, akavua kofia, na kabla hajafika mlangoni akaita kwa furaha, kama alivyozoea kuita kila siku anaporudi nyumbani:

"Lea!"

Mkewe alishika kikombe kwa mikono miwili. Akakaza midomo mpaka ikawa nyeupe, akainamisha kichwa, hakuitika.

Na nje, kwenye migomba, nyuma kabisa ya mgongo wa Aroni, mtoto wa kike akaitika.

"Abee."